Maswali ya wasomaji: “Saini mwenyewe, la sivyo…”

Barua za safari hii zimetoka kwa wagonjwa, ndugu zao na wauguzi. Karibu zote zinauliza jambo moja kutoka pande tofauti: mgonjwa wa akili anaposukumwa akubali dawa, sindano au kulazwa, bila amri yoyote ya kisheria kutolewa. Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo vifungu mtaviangalia kwenu. Sisi tunajibu yale yasiyobadilika kwa kuvuka mpaka. Barua tumezifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi.

Nilifika hospitali nikiwa sijalala siku kadhaa. Daktari akaniambia: “Saini fomu ya kulazwa kwa hiari. Usiposaini tutakulaza kwa lazima, na hilo litabaki kwenye rekodi yako.” Nikasaini. Je, niliingia kwa hiari?
*Msomaji mwenye ugonjwa wa baipola*

Kwenye karatasi, ndiyo. Katika hali halisi, inategemea kama alichokwambia daktari kilikuwa taarifa au kitisho, na hayo mawili yanaweza kutenganishwa.

Kama ulikuwa umefikia vigezo vya sheria vya kulazwa kwa lazima (kwa kawaida ni ugonjwa mkali wa akili pamoja na hatari kwako au kwa wengine), na daktari kweli angeanza taratibu hizo, alikuwa na wajibu wa kukwambia. Kukuficha kungekuwa kosa. Lakini taarifa hiyo ina nusu ya pili: kwamba kulazwa kwa lazima kuna ukomo wa muda, kwamba kunaweza kupingwa mbele ya chombo kingine, na kwamba anayeingia kwa hiari anaweza kuomba kutoka. Ukipewa nusu ya kwanza peke yake, tena kalamu ikiwa tayari imewekwa mbele yako, umetishwa. Na kama vigezo havikuwepo kabisa, basi ulitishwa kwa kitu ambacho daktari hakuwa nacho mkononi. Yale maneno kuhusu rekodi ndiyo yanayotutia shaka zaidi, kwa sababu kulazwa kwa hiari nako huandikwa kwenye rekodi.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui hadi wakiwa ndani. Aliyelazwa kwa lazima mara nyingi ana ulinzi mwingi kuliko aliyesaini kwa kutishwa. Yule wa kwanza ana karatasi yenye tarehe, sababu, jina la daktari na ukomo wa siku, na ana pa kukata rufaa. Wewe huna hata kimoja kati ya hivyo, maana sheria inakuhesabu kuwa mtu aliyekuja mwenyewe. Lawama yetu kubwa kwa shinikizo la chini chini ni hiyo: linafanya kazi ya amri, lakini haliachi kitu cha kukipinga.

Ukiwa bado wodini, muulize muuguzi wa zamu swali moja: “Nikitaka kutoka leo, nitafanya nini?” Jibu la kweli litataja hatua. Litasema pia kama wana mamlaka ya kukushikilia kwa muda mfupi ili upimwe. Uingereza, kwa mfano, muuguzi wa akili anaweza kumzuia mgonjwa wa hiari hadi saa 6, na daktari hadi saa 72. Omba swali lako na jibu lake viandikwe kwenye faili. Wakikujibu kwamba huwezi kutoka kabisa, basi wewe si mgonjwa wa hiari, na una haki ya kuuliza ni kwa karatasi ipi unazuiwa.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya akili. Kila siku tunabembeleza, tunaahidi, wakati mwingine tunakaza sauti. Mstari kati ya kumhimiza mgonjwa na kumlazimisha uko wapi?
*Muuguzi*

Ndugu muuguzi, mstari upo. Mwaka 2008 George Szmukler na Paul Appelbaum, madaktari wa akili, walilipanga shinikizo katika ngazi tano, na tangu hapo wengi wanaoandika kuhusu jambo hili hutumia mpangilio wao. Chini kabisa ni ushawishi wa hoja: unaeleza faida na madhara, unasikiliza, unajibu. Inafuata kutumia uhusiano: “Unajua jinsi nilivyokupigania, usiniangushe.” Halafu motisha: ukifanya hiki utapata kile. Halafu kitisho: usipofanya hiki utapoteza kile. Juu kabisa ni lazima yenyewe, yaani nguvu au amri ya sheria.

Mtego uko kati ya motisha na kitisho, kwa sababu sentensi hiyohiyo inaweza kusemwa kwa sura zote mbili. “Ukimeza dawa utatoka nje kupunga hewa” na “usipomeza dawa hutoki” ni kauli moja. Ili kuitambua, usiangalie upole wa sauti. Angalia mgonjwa atakuwa wapi akisema hapana. Akibaki na kila alichostahili tangu mwanzo, ulimpa motisha. Akishushwa chini ya hapo, ulimtishia. Kama kutoka nje ni haki ya kila mgonjwa wa wodi hiyo, basi umemnyang’anya haki yake na kumuuzia tena.

Ngazi ya pili ndiyo inayopita bila kuonwa. Haina adhabu ndani yake, wala haivunji kanuni. Lakini mgonjwa ambaye wewe ndiye mtu pekee anayeongea naye kwa heshima anaweza kumeza chochote kwa kuogopa kukupoteza. Uhusiano mzuri utumike kumfanya azungumze ukweli kuhusu dawa. Ukishautumia kama deni, atakachokwambia kuanzia hapo ni kile unachotaka kusikia.

Vipo pia vitisho visivyo na maneno. Wahudumu watano wakisimama kuzunguka kitanda, mmoja ameshika trei yenye sindano iliyokwisha kuvutwa dawa, halafu mgonjwa akaulizwa “Unakunywa kidonge au hunywi?”, jibu lake si ridhaa hata kama hakuna aliyemgusa. Kama hali kweli imefikia hapo, iiteni kwa jina lake: ni matibabu ya lazima, yaandikwe hivyo na yafuate taratibu zake. Kama haijafikia, abaki mhudumu mmoja, aketi, trei irudi chumba cha dawa.

Kabla ya kusema, jiulize kama sentensi unayotaka kuitoa ungeiandika kwenye faili ilivyo. “Nimemweleza kwamba akikataa dozi ya jioni daktari atamwona kesho asubuhi, na kwamba anaweza kukataa” inaandikika. “Nimemwambia asipomeza mama yake hatamwona” haiandikiki.

Wala usidhani haya ni ya wodi yako tu. Utafiti uliofanywa katika miji mitano ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 uliwauliza wagonjwa waliotibiwa nje ya hospitali kama makazi, fedha, kesi mahakamani au amri ya matibabu viliwahi kutumiwa kuwafanya wafuate tiba. Kati ya asilimia 44 na 59, kutegemea mji, walisema ndiyo.

Mwanangu ana miaka 22 na anakataa dawa. Tangu miezi michache iliyopita namsagia vidonge nachanganya kwenye chakula na chai. Ametulia. Nikiacha ataumwa tena. Nafanya kosa?
*Mama*

Mama, tunaelewa kilichokufikisha hapo, na hatutakuita mkatili. Lakini njia hiyo ina hatari nyingi kuliko zinavyoonekana ukiwa jikoni.

Anza na dozi. Chakula kikiliwa nusu, dozi imekuwa nusu, na hujui ni nusu ipi. Mtoto au mgeni akikila, amemeza dawa isiyo yake. Baadhi ya vidonge vimetengenezwa kutoa dawa polepole kwa saa nyingi. Ukivisaga, dozi ya siku nzima inaingia mwilini kwa mkupuo. Vingine vina ganda la kuvilinda na asidi ya tumbo. Hata vya maji vina masharti: risperidoni ya maji, kwa mfano, haipaswi kuchanganywa na chai wala kinywaji cha kola.

Madhara yanafuata. Dawa za kutuliza saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia) za kundi la haloperidoli zinaweza, ndani ya siku chache za mwanzo na hasa kwa vijana wa kiume, kukakamaza misuli ghafla: shingo inapinda, macho yanageukia juu, taya linafunga. Inatibika haraka kwa sindano, ila tu kama anayemhudumia anajua kuna dawa mwilini. Kijana ambaye hajui amekunywa nini atamjibu daktari “sijameza chochote”, na atakuwa anasema kweli. Ni vivyo hivyo kwa lile tatizo adimu lakini la kuua, ambapo homa kali huja pamoja na mwili kukakamaa na fahamu kuchanganyikiwa. Na asubuhi ya kawaida tu anaweza kupanda pikipiki au kuwasha mashine akiwa na usingizi ambao hajui umetoka wapi.

Daktari wake naye anapotea njia. Anamwona kijana asiyemeza dawa lakini ametulia, anahitimisha kwamba hazihitaji. Au anamwandikia sindano juu ya vidonge unavyompa wewe, na dozi inakuwa maradufu.

La mwisho ni siku atakapogundua, maana siku hiyo huwa inafika. Wagonjwa wengi wenye skizofrenia, ugonjwa unaoleta sauti na imani zisizo za kweli, huhofu kwamba chakula kimetiwa kitu. Kwa mwanao hofu hiyo sasa ni kweli, na hakuna daktari atakayeweza kumshawishi vinginevyo. Wengine huacha kula nyumbani kabisa.

Sasa la kufanya. Usiache ghafla leo. Lithiamu, dawa ya baipola, ikikatwa kwa mkupuo inaweza kurudisha wazimu wa furaha kali, na klozapini, dawa ya skizofrenia sugu, ikikatwa ghafla hurudisha dalili kwa kishindo. Klozapini ikikosekana kwa zaidi ya saa 48 hairudishwi kwa dozi ya zamani, inaanzwa upya kwa miligramu 12.5. Hatua ya kwanza ni kumwona anayemtibu, peke yako, ukiwa na boksi za dawa zenyewe, na orodha: dawa gani, miligramu ngapi, mara ngapi, tangu lini, na chakula kilirudi mara ngapi bila kuliwa. Hata kama sheria za siri zinamzuia kukueleza habari za mwanao, hazimzuii kukusikiliza. Uliza kama kuna vipimo vinavyohitajika mara moja. Lithiamu inahitaji kupimwa kiwango chake kwenye damu, na klozapini inahitaji hesabu ya chembe nyeupe, kila wiki kwa wiki 18 za kwanza, kwa hiyo hakuna namna salama ya kumpa mtu mojawapo kwa siri.

Hatua ya pili ni kujua kwa nini alikataa. Muulize akiwa ametulia, na usijibu kabla hajamaliza. Mara nyingi sababu iko mwilini: miguu isiyotaka kutulia, mate usiku, unene, usingizi wa mchana kutwa, au kushindwa tendo la ndoa, ambalo kijana hatamwambia mama yake lakini anaweza kumwambia muuguzi wa kiume. Kila moja lina dawa yake: kupunguza dozi, kubadili saa ya kumeza, kubadili dawa.

Hatua ya tatu ni kumwambia. Pangeni na daktari lini na wapi, wakati yuko imara, na muwe na jibu la swali atakalouliza papo hapo: “Na sasa hivi chakula kina nini?” Kuanzia siku hiyo jibu liwe “hakina kitu”, na liwe kweli. Mpe uhuru wa kujipakulia mwenyewe kutoka sufuria moja na wengine.

Pale ambapo dawa ya kufichwa inakubalika, kama kwa mzee mwenye usahaulifu mkubwa asiyeweza tena kuelewa maamuzi, huwa ni uamuzi wa timu: daktari, mfamasia, ndugu, kwa maandishi, kwa dawa iliyotajwa na tarehe ya kuupitia upya. Mtu anayeelewa na kukataa hayumo humo.

Daktari ameniambia nisipokubali sindano ya mwezi, nisirudi kliniki yake. Anaruhusiwa?
*Mgonjwa*

Anaruhusiwa kukataa kukupa tiba anayoamini itakudhuru. Kukuondolea huduma yote kwa sababu umekataa njia moja ya kupata dawa ni jambo jingine, na kanuni za taaluma hiyo haziliungi mkono. Misingi ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1991 kuhusu wagonjwa wa akili inataka ridhaa itolewe kwa uhuru, bila vitisho wala vishawishi visivyofaa.

Mwambie hivi: “Sikatai matibabu, nakataa sindano. Chaguo la pili ni lipi?” Kabla ya kukubali sindano yoyote ya muda mrefu, uliza mambo matatu: kama umewahi kumeza dawa hiyohiyo kwa vidonge na ukaivumilia, inakaa mwilini muda gani, na madhara yakitokea yatatibiwaje. Haloperidoli ya mafuta huchomwa kwa kawaida kila baada ya wiki 4, na ikishaingia kwenye msuli haitolewi. Kidonge kibaya unakiacha kesho; sindano utaishi nayo wiki kadhaa. Ndiyo maana “ndiyo” ya sindano inahitaji muda wa kufikiri kuliko “ndiyo” ya kidonge.

Wodini kwetu simu, wageni na sigara hutolewa kwa “wenye tabia nzuri”, na tabia nzuri maana yake umemeza dawa. Ni sawa?
*Aliyewahi kulazwa*

Si sawa. Chakula, nguo zako, wageni, mawasiliano na nyumbani na hewa ya nje si zawadi. Vinaweza kuwekewa mipaka kwa sababu inayohusu kitu chenyewe: simu inazuiwa kwa muda kwa kuwa imetumika kutuma vitisho, mgeni anazuiwa kwa kuwa alileta bangi. Mpaka wa namna hiyo unaandikwa, unaelezwa, na una saa ya kwisha. Simu kuzuiwa kwa sababu kidonge hakikumezwa ni adhabu.

Kuhusu sigara kuna jambo ambalo hata wahudumu husahau. Hatupendekezi mtu avute. Lakini moshi wa tumbaku huliongezea ini kasi ya kuvunja klozapini na olanzapini. Mvutaji anayetumia klozapini akikatiwa sigara ghafla, kiwango cha dawa kwenye damu kinapanda ndani ya siku chache kwa dozi ileile. Anaanza kusinzia, kutokwa mate na kupepesuka, na anaweza hata kupata degedege. Kumwadhibu mtu kwa kumnyima sigara kunaweza kuwa sawa na kumwongezea dozi bila daktari kujua. Sigara ikikatazwa, kwa sababu yoyote ile, daktari aambiwe siku hiyohiyo.

Kaka yangu ni mgonjwa na mimi ndiye napokea fedha zake za ulemavu. Simpi mpaka ameze dawa mbele yangu. Zinamsaidia, na bila hivyo hamezi.
*Mdogo mtu*

Fedha hizo ni zake. Kipimo tulichompa muuguzi kinatumika hapa: akisema hapana, unamshusha chini ya alipostahili. Hata kama moyo wako ni mzuri, huo ni mshahara uliozuiwa.

Wengine hujitetea kwa kusema hata watafiti wamewalipa wagonjwa. Ni kweli. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 141 waliokuwa wakikosa sindano waligawanywa, na kundi moja likalipwa pauni 15 kwa kila sindano kwa mwaka mmoja. Waliolipwa walipata asilimia 85 ya sindano zao, wasiolipwa asilimia 71. Lakini zile zilikuwa fedha za ziada. Aliyekataa hakupoteza senti yake. Tena malipo yalipokoma, tofauti nayo ikaisha.

Tenganisha mambo mawili unayoyafunga pamoja. Fedha zitoke siku moja ya wiki, saa ileile, kiasi kilekile, ameze asimeze. Dawa izungumzwe saa nyingine, na ikiwezekana na mtu mwingine. Kama tatizo ni kwamba akipandwa na ugonjwa humaliza fedha zote kwa siku moja, hilo lina njia yake: akiwa mzima, mwandike pamoja kwamba dalili fulani mlizozitaja zikionekana utampa kiasi cha siku badala ya wiki, kwa muda wa wiki mbili, na mtu wa tatu aliyemchagua yeye ataona hesabu. Hapo unalinda fedha kwa sababu ya fedha.

Unayo haki ya kuweka mipaka yako mwenyewe. “Ukinipiga sitalala nyumba moja nawe” ni mpaka, kwa sababu unahusu alichokutendea. “Usipomeza nakufukuza” ni kitisho, hata akiwa hajamgusa mtu.

Mnatetea sana uhuru. Mtu akisukumwa kidogo akameza dawa akapona, ubaya uko wapi?
*Msomaji*

Swali la haki kabisa, na hatusemi kila msukumo ni mbaya. Ndugu akimwambia mtu ukweli mchungu, hata kwa machozi, amefanya ushawishi. Mtu akiwa ameshika kisu, au amesema atajiua na amekwisha andaa njia, hakuna muda wa kuhesabu ngazi: piteni taratibu za dharura, wazi, na muandike.

Tunachokipinga ni imani kwamba msukumo hauna gharama. Mgonjwa aliyejifunza kwamba kusema “jana sikumeza” kunamletea adhabu ataacha kusema. Kuanzia hapo daktari anaongeza dozi ya dawa isiyomezwa, na siku mgonjwa akilazwa na kupewa dozi hiyo yote chini ya uangalizi, inamwangusha. Sauti zikirudi, hazitaji hadi zimemzidi nguvu.

Hata faida yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Uingereza walijaribu shinikizo lenye sheria nyuma yake: amri ya matibabu kwa mtu aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, ambayo inamruhusu daktari kumrudisha hospitali akivunja masharti. Wagonjwa 336 wenye saikosisi waligawanywa katika makundi mawili, moja chini ya amri hiyo na jingine chini ya ruhusa fupi ya kawaida ya kutoka hospitali, wakafuatiliwa miezi 12. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha waliorudi kulazwa ni asilimia 36 katika kundi la kwanza, na asilimia 36 katika la pili. Kama amri ya kisheria haikuwapunguzia kulazwa, hatuoni kwa nini kitisho cha mdomo kingeweza zaidi.

Ninajijua: nikianza kuumwa sikubali kuwa naumwa. Nifanye nini sasa nikiwa mzima ili nisije kuburutwa?
*Mgonjwa aliyepona*

Andika mpango wa dharura, na uandike pamoja na wanaokutibu. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2004 uliwafuatilia wagonjwa 160: kati ya walioandaa mpango wa pamoja na timu zao, asilimia 13 waliishia kutibiwa au kulazwa kwa lazima, na kati ya wasio na mpango asilimia 27. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2013 haukuona tofauti hiyo, na waliouendesha walibaini kwamba sehemu nyingi madaktari walikuja kwenye kikao kutimiza wajibu tu. Somo kwako ni la vitendo. Mpango ambao daktari hakushiriki kuuandika hautafunguliwa usiku wa tatizo.

Kaeni vikao viwili. Cha kwanza, wewe na mtu asiye daktari wako, muuguzi kwa mfano, mnakusanya mawazo. Cha pili, daktari yupo, na ndugu uliyemtaka yupo. Kurasa zisizidi mbili, maana ya tatu haisomwi na mtu wa zamu.

Dalili za mwanzo ziandike kama zinavyoonekana kwa nje: “nalala chini ya saa nne kwa siku mbili mfululizo, nawapigia watu simu usiku wa manane” inasaidia, “najisikia vibaya” haimsaidii mtu. Taja dawa zilizokufaa na dozi zake. Taja unayoikataa, na sababu: “haloperidoli ilinikakamaza shingo” ina uzito ambao “sitaki haloperidoli” haina, kwa kuwa daktari asiyekujua ataitii ya kwanza na kuitilia shaka ya pili. Andika nani aitwe kwanza na nani asiitwe kabisa. Andika nani atachukua watoto, nani atafunga nyumba, nani atamwarifu mwajiri na amwambie nini hasa.

Halafu sehemu ambayo wengi huiruka: shinikizo unaloliruhusu. Ni wewe unayejua nani akikuambia “twende” unakwenda. Unaweza kuandika: “Dada yangu anaruhusiwa kunisisitiza, hata nikikasirika. Asitumie watoto kunitisha. Asiitwe polisi kabla muuguzi wa kliniki hajapigiwa.” Kama sindano haina budi, sema ungependa ichomwe na nani, wapi mwilini, na nani awe chumbani.

Nakala moja kwenye faili, moja kwa ndugu, moja picha kwenye simu yako. Ipitieni kila mwaka, na baada ya kila kuugua. Ulizeni pia kama sheria yenu inaipa karatasi hiyo nguvu ya kumfunga daktari au ni ya kumshauri tu, ili usitegemee kisichokuwepo.

Nitalalamikaje kuhusu kitisho ambacho hakikuandikwa popote?
*Msomaji*

Kiandike wewe, siku hiyohiyo kabla ya kulala. Maneno yenyewe kama yalivyosemwa, nani aliyasema, saa ngapi, nani alikuwepo, ulijibu nini, na kilichofuata ulipokubali au ulipokataa. Tenga ulichosikia na ulichohisi; vyote vina thamani, lakini vikichanganywa msomaji wa malalamiko atavikataa vyote.

Kisha mwombe aliyesema akithibitishe, kwa upole: “Jana ulisema nisiposaini sitaonana na watoto. Nimeelewa vizuri?” Wengi hapo hurekebisha kauli, na tatizo linaishia hapo. Asiporekebisha, omba iandikwe kwenye faili pamoja na jibu lako, na omba nakala ya ukurasa huo baadaye.

Barua ya malalamiko iwe ukurasa mmoja, ikielekezwa kwa msimamizi wa wodi au kliniki kabla ya kwenda juu zaidi, na iseme unataka nini: maelezo, kubadilishiwa mhudumu, kuondolewa kwa sharti, au kupitiwa upya kwa hali yako ya “hiari”. Malalamiko yasiyotaja ombi hujibiwa kwa pole. Weka nakala, omba jibu la maandishi, na utaje tarehe unayolitarajia.